Sikio Lisilokauka

Daktari Sunethra alivuta ndewe ya sikio la kulia la Shaufa, taratibu kama anayechomoa uzi kwenye hariri, na Shaufa akaruka kitini.

"Basi, mwanangu, nimeshajua. Ni kilekile. Njia ya sikio imevimba. Mara ya tatu hii tangu Idi, au siyo?"

"Ndiyo, daktari."

"Nakupa dawa ya matone, na maji huyagusi mpaka upone. Ila nikwambie kweli: ukinirudia tena na sikio hili, cheti chako cha uzamiaji sikitii saini msimu huu."

Msimu huu ndipo samaki aina ya taa, wakubwa, wapana kuliko mikeka ya msikitini, huja kula kwenye mlango wa miamba ya kisiwa chao. Na ndio msimu ambao Shaufa aliahidiwa kuongoza wageni chini ya maji peke yake, mwanamke wa kwanza kisiwani hapo. Bila cheti, ahadi ingebaki maneno.

Nyumbani, mama yake, Zuleykha, alikuwa akikuna nazi ya kuchanganya na jodari. Alisikiliza habari zote asiinue uso.

"Bahari inakukataa, Shaufa. Haina adabu, lakini haisemi uongo."

"Ingenikataa mimi, ingemkataa na Jinaah wa botini kwetu, mama. Anazama kila siku ninayozama mimi, na sikio lake halijawahi hata kuwasha!"

Hapo ndipo akili yake ilipokwama. Maji ni yaleyale, mitungi ya hewa ni ileile. Vijiti vya pamba alikwisha viacha tangu mara ya kwanza, daktari alipomfundisha kwamba nta ya sikio ni ngao, si uchafu. Kila jioni alitia matone ya siki na spiriti aliyoandikiwa kwa siku ambazo sikio ni zima. Kwa nini basi yeye tu?

Hakuruhusiwa kuzama, lakini botini alikwenda. Alijaza mitungi, akawafunga wageni mikanda, na muda uliobaki akawatazama wenzake masikio.

"Dada, unaniangalia mpaka naona haya," Jinaah alisema. "Kama unataka kunichumbia, sema."

"Nitachumbia masikio tu. Hayo mengine mrudishie mama yako."

Boti nzima ikaangua kicheko, hata nahodha. Lakini Shaufa hakuacha kutazama. Waseem, kiongozi wao, kila akiibuka alijimiminia masikioni maji baridi ya chupa, yasiyo na chumvi, akainamisha kichwa na kurukaruka kwa mguu mmoja kama kunguru aliyekanyaga kaa la moto. Jinaah hakufanya lolote. Alikaa tu omoni, mbele kabisa ya boti, upepo ukimpiga huku na huku.

"Mimi nakwambia ni hilo shungi lako la kichwani," Jinaah alimwambia siku moja, bila ubaya. "Livue uone."

"Tangulia wewe kuvua kaptura."

Alijibu kwa mzaha, lakini neno lilimchoma. Shungi lake alilipenda. Bahari aliipenda. Hakuona kwa nini mtu alazimishwe kuchagua.

Wiki hiyo walikuwa na mgeni mmoja, Henrik, mwenye upara unaong'aa kama sinia. Aliogopa jua, basi kofia yake nzito ya mpira hakuivua hata wakati wa kula. Siku ya tatu alipanda botini amejishika shavu.

"Sikio," alilalamika.

Shaufa alimsogelea upesi. "Bwana Henrik, hebu jivute mwenyewe ndewe, kidogo tu."

Henrik akajivuta, akapiga yowe. Shaufa akacheka kwa furaha, kisha akajiziba mdomo. "Nisamehe, bwana! Sikucheki wewe. Naomba niione hiyo kofia."

Akatia mkono ndani. Kulikuwa na joto na majimaji, kama chini ya kifuniko cha sufuria. Ndivyo lilivyokuwa shungi lake la kuzamia, alilolivaa tangu asubuhi mpaka arudi nyumbani alasiri. Matone aliyatia jioni, sikio likiwa limekwisha shinda kutwa katika unyevu. Kosa halikuwa kufunika kichwa. Kosa lilikuwa kukifunika kwa kitambaa kilicholowa.

Henrik alishauriwa aende kwa daktari na aache maji. Shaufa naye alibaki na dawa moja aliyoogopa kuliko matone: kuomba.

"Kaka Waseem, nikirudi majini nahitaji chumba cha usukani, kila baada ya kuzama. Nisuuze masikio, niyakaushe, nivae shungi kavu. Wanaume wote wakae mbele."

Waseem alikuna ndevu. "Na usukani ashike nani, malaika?"

"Tukiwa tumetia nanga, kaka."

"Wageni wangojee?"

"Wangojee. Wakipenda, nao wakaushe yao."

Waseem alimtazama Henrik, ambaye bado alikuwa amelalia upande mmoja akiugulia. Kisha akaita, "Jinaah! Leta turubai na kamba. Na ole wako nikukute unachungulia."

"Nichungulie nini, kaka? Masikio?"

Turubai likatundikwa mlangoni. Shaufa aliporuhusiwa kuzama, kila alipotoka majini aliingia nyuma ya turubai, akajisuuza kwa maji baridi, akainamisha kichwa upande huu na ule, akatia matone na kufunga shungi kavu lenye harufu ya sabuni. Mara mbili sikio liliwasha, na mara mbili hizo alihesabu siku zilizobaki kufikia cheti. Muwasho ukapita.

Siku ya cheti ilipofika, Daktari Sunethra alishika ndewe ya kulia. Shaufa akafumba macho, vidole vimeng'ang'ania kiti. Daktari akavuta. Akavuta tena, na Shaufa hakuruka. Akamulika ndani kwa kurunzi yake, akachungulia kwa muda mrefu.

"Umefanya nini huku?"

Shaufa akamweleza yote, kofia ya mpira na turubai, akaeleza hata harufu ya sabuni, maneno yakikimbizana. Daktari alisikiliza kalamu ikiwa juu ya karatasi.

"Halafu daktari," Shaufa aliongeza, "kuna jambo linanitatiza. Samaki wanakaa majini maisha yao yote. Wao masikio wanayo? Mbona hawaugui?"

Daktari Sunethra akatia saini, akamsogezea cheti.

"Sijui, mwanangu. Nenda ukawaulize."