Hasara ya Bi Kowalke

Ardell Kowalke ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba akiomba sahihi, hata baraza la kaunti likapitisha sheria: mwenye mchezo wa simu unaoleta watu kwenye bustani ya umma kuwinda madude yasiyoonekana ila kwenye kioo, kwanza achukue kibali. Kampuni moja ya michezo ikaishtaki kaunti. Kaunti ikataka shahidi, na nani kama Ardell?

"Bi Kowalke, jaji anataka kusikia madhara," alisema Nygaard, wakili wa kaunti, kwenye korido ya mahakama. "Takataka nimeshamwambia, kelele nimeshamwambia. Wewe umepoteza nini hasa?"

"Maua yangu."

"Maua! Kwa maua tu, mama, tutachekwa humo ndani."

Jibu alikuwa nalo, ila lilimkaa kama mfupa kooni. Wajane wa mji ule wana siri yao: alfajiri huingia bustanini na chupa ya chai isiyo na chai, wakamwaga majivu ya waume zao waliochomwa baada ya kufa badala ya kuzikwa. Kaunti inakataza, na kila mtu anajua. Majivu ya Lester, mumewe, aliyamwaga chini ya mlilaki, mti wa maua ya zambarau, pale walipochumbiana. Akisema, watamchimbua.

Basi kizimbani akasema maua.

"Maua ya nani?" aliuliza wakili wa kampuni. "Bustani si ya umma?"

Watu wakacheka. Lo, walivyocheka! Jaji akaamua kwamba mchezo nao ni usemi, kama kitabu au gazeti, na katiba inaulinda. Kudai kibali ni kuubana. Sheria ikafutwa.

"Hata madude ya simu yana haki ya kusema," Ardell alimwambia Nygaard nje. "Mimi tu ndiye niliyezibwa mdomo."

"Na nani?"

Ardell akashika njia. Alikuwa na uchungu, na sehemu ya uchungu huo ilikuwa juu yake mwenyewe.

Alasiri alikwenda bustanini na kijiko kumchukua Lester ampeleke nyumbani. Mvua ilikuwa imenyesha, na nyayo za wachezaji zilikuwa zimeukoroga udongo kuwa uji mweusi mpaka njiani. Alichota, akatazama, akamwaga. Lester yuko wapi, tope liko wapi, hakuna wa kujua.

Vijana wawili waliokuwa wakiwinda madude hapo wakashusha simu zao.

"Pole, bibi. Umedondosha kitu? Ngoja tukusaidie."

Kabla hajafungua mdomo, walikuwa wameshapiga magoti, wakifukua kwa vidole.