Kiti cha Kulia

Gari la Valeriani Mlowe lilikuwa na neno moja tu: lilitoka Marekani, na Marekani usukani uko kushoto. Alilinunua kwa mkandarasi mmoja wa huko aliyekuwa akifunga virago, Lincoln nyeusi, ndefu, iliyokwisha kutumika miaka mingi, lakini viti vyake vya ngozi bado vilikuwa laini kuliko vitanda vya watu wengi pale Njombe. Mafuta lilikunywa bila aibu. Kipuri kikifa, kilisubiriwa mpaka watu wakasahau kiliagizwa wapi. Wenzake walimwambia, wewe ni mtu wa mbao, nunua pikapu. Akawajibu kwamba mbao zina magari yake, na yeye ana mke.

Mke huyo, Tereza, ndiye aliyeliwezesha gari kutembea. Barabara ya Makambako imejaa malori ya nguzo na mbao yanayopanda vilima kwa kujikongoja, na dereva aliyekaa kushoto haoni kitu mbele ila tairi na tope. Anayeona ni aliyekaa kulia. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Wahenga hawakupanda Lincoln. Valeriani akifika nyuma ya lori aliwasha indiketa akangoja. Tereza alichungulia. "Bado," alisema. "Bado. Bado, Baba Angela, kuna basi. Haya, pita." Naye alipita. Hakuwahi hata siku moja kumuuliza kama ana hakika.

Wasiowajua walidhani mama ndiye dereva. Trafiki walikwenda dirishani kwake kudai leseni, naye akawaonyesha upande wa pili kwa kidevu: "Mwulizeni konda wangu." Wakicheka hapo, kicheko kiliwafikisha nyumbani.

Mwaka juzi, kabla ya Pasaka, Tereza aliugua kidogo tu, akafariki. Tangu hapo Lincoln ilipita na kiti cha kulia kitupu, na watoto wa kando ya barabara wakawa wanapiga kelele kwamba gari linakwenda lenyewe, halina mtu. Siku ya kwanza Valeriani alicheka sana, akafika nyumbani na hamu ya kusimulia. Akafungua mlango. Hakukuwa na wa kusimuliwa. Upweke ni uvundo, nao ulikuwa umeshaanza kunuka ndani ya nyumba ile. Barabarani nako alikwama nyuma ya malori mpaka yenyewe yapende kukata kona, akawa anazijua namba za matrela kuliko wenye nayo.

Huko Makambako ndiko alikompata Beatha Sanga, Mama Remmy, mjane wa Kikinga mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alikwenda kununua misumari. Akarudi kununua misumari. Mtu wa mbao anahitaji misumari, sawa, lakini si kwa kiasi kile, na Mkinga hadanganywi dukani kwake.

"Baba Angela," Beatha alimwambia siku moja bila kuinua macho kwenye mizani, "hii misumari unakula?"

Wakaanza kunywa chai pamoja. Miezi ikapita, Valeriani akajikaza akasema alichokuwa nacho moyoni. Beatha hakukataa, hakukubali. Alisema kwanza apaone kwake, na dada mtu amwone, kisha atajibu. Basi Valeriani akamwambia dada yake, Scholastica, kwamba Jumapili baada ya Misa atakuja na mtu. Scholastica hakuuliza mtu gani. Alikuja nyumbani kwa kaka yake, akachinja kuku wawili na kufua mapazia. Kwa Valeriani Jumapili hiyo haikuwa ya mchezo: likiharibika hili, hakuwa na nguvu ya kwenda kuanza misumari kwenye duka la mwingine. Angezeekea kwenye nyumba ile peke yake, na alikuwa anaogopa.

Beatha alitoka na kitenge kipya na kikapu cha zawadi. Valeriani akamfungulia mlango wa kulia. Hakuna aliyekaa pale tangu mazishi.

"Huku kwako ndiko kwenye macho, Mama Remmy," alimweleza. "Mimi huku sioni kitu. Nitakutegemea."

"Nimepanda malori ya viazi kutoka Makete tangu msichana," Beatha alisema, akijiweka sawa kitini. "Barabara naijua."

Kabla hawajatoka mjini, mwenye bodaboda mmoja alimpungia Beatha akimwita dereva. Valeriani alifurahi mpaka akaona haya.

Walipopita Mtwango wakalikuta lori la nguzo, limebeba mpaka linainama. Akawasha indiketa.

"Bado," alisema Beatha.

Neno lilikuwa lile lile.

"Bado. Haya, pita."

Mguu haukwenda. Valeriani aliuamuru, haukwenda.

"Pita, Baba Angela. Nyeupe kabisa."

Akainama mbele ya Beatha, shingo imenyooka, bega lake karibu liguse kifua cha mama wa watu, ili achungulie mwenyewe. Alipojiweka sawa, gari jingine lilikuwa limeshatokea mbele.

"Sasa bado," alisema Beatha, kwa sauti ya chini kidogo.

Wakaburutana na moshi. Kilima kikaisha, barabara ikanyooka.

"Pita."

"Una hakika?"

Beatha aligeuka akamtazama.

"Una hakika hakuna kitu?" Valeriani alirudia, na huku anasema alitamani aufunge mdomo wake kwa mkono.

"Nimekwambia pita."

Hakupita. Kosta, basi dogo lililokuwa nyuma yao, ilichoka, ikapiga honi, ikawapita wao na lori kwa mkupuo mmoja, ikaenda zake salama. Barabara ilikuwa wazi kama alivyosema.

Valeriani alitaka kumweleza kwamba si yeye. Kwamba masikio yake yalikuwa yanangoja sauti nyingine, na mguu ulikuwa wa sauti hiyo. Ukweli kama huo humwambii mwanamke unayempeleka kwa dada yako.

"Simamisha gari," alisema Beatha.

Alidhani anataka kutapika. Akasimama kando ya misitu ya misonobari, ukungu ukiwa umeshuka hadi barabarani. Beatha alishuka na kikapu chake, na Valeriani akajua anarudi Makambako. Badala yake mlango wa nyuma ulifunguliwa.

"Hapo mbele pana mwenyewe," Beatha alisema akiketi. "Mimi huku kunanitosha. Twende, dada wa watu amepika."

Hakuwa na hasira. Heri angefoka.

Walikwenda nyuma ya lori mpaka Kibena. Kwenye kioo Valeriani alimwona akitazama mashamba ya parachichi, mikono juu ya kikapu. Sentensi ya kumrudisha mbele aliitengeneza, akaivunja, akaitengeneza tena. Njia ilikuwa ndefu ya kutosha kusema sentensi mia.

Scholastica aliisikia Lincoln, akatoka mlangoni na vigelegele. Akatazama kiti cha mbele. Vigelegele vikakatika.

Beatha alikuwa wa kwanza kushuka. Alipiga goti kidogo.

"Shikamoo, dada. Mimi ni abiria tu. Mzee kanipa lifti kutoka Makambako."

Kisha akamtazama Valeriani, akamngoja. Alimpa nafasi nzima, bila haraka, kama mtu aliyekwisha kuona kwamba mbele hakuna kitu.

"Marahaba, mdogo wangu," alisema Scholastica, akamgeukia kaka yake. "Na mgeni wetu yuko wapi?"

Valeriani alifungua mdomo.

"Hakuja," alisema.

Scholastica aliguna kwa huruma. Halafu akafanya alivyofundishwa na mama yao: akampokea Beatha kikapu, akamshika mkono.

"Basi karibu ule wewe, mama. Mwenye chakula hakuja."