Watu Wanne wa Jengo C

Tangazo lilibandikwa Ijumaa. Kuanzia Oktoba, Jengo C litazimwa taa na AC saa kumi na mbili jioni, ili chuo kipunguze hewa ya ukaa. Madarasa ya jioni yatahamia tawi la chuo la Irving. Chumba cha watoto hakikutajwa kabisa.

Irving hakuna chumba cha watoto. Mimi naweza kusomea uuguzi kwa sababu Ella wangu wa miaka miwili hulala pale chini wakati mimi mama yake najifunza kupima presha ghorofani. Baba yake huwa zamu ya jioni. C ikizimwa, nimeacha shule.

Jumatatu nilikwenda ofisi ya nishati na Ella mgongoni, nimejaa hasira. Aliyenipokea ni Kigen, Mkenya, mpole. Alimpa Ella biskuti, nikakasirika zaidi. Akaeleza kwamba madirisha ya C ni ya zamani, yanavujisha ubaridi, na jengo linakula umeme kama majengo mawili. Hayo sikuyapinga. Agosti mtoto wangu alijaa vipele vya joto shingo nzima. Hewa hiyo ya ukaa ipungue, mimi nataka kuliko yeye.

"Basi ule ukumbi mkubwa wa mikutano wa chuo mnaupoza kwa ajili ya nani?" nikamuuliza. "Jioni hauna hata paka."

Ukumbi, akasema, umepangiwa kuzimwa mwakani. Kisha akanigeuzia kompyuta.

"Dada, jengo lenu jioni lina watu wanne. Mlango unahesabu kadi za kuingilia."

"Tuko thelathini na sita. Na watoto kumi na mmoja."

"Kadi ni nne."

Nilikuwa nimefungua mdomo nimtukane, nikaona jina la Mado, mwenzangu wa darasa, kwenye orodha, kila siku ya darasa, la kwanza. Nikaelewa. Mado akifika hufungua kwa kadi yake, halafu huegemeza mgongo mlangoni, anaushikilia mpaka tupite wote na mabegi na watoto. Akichoka, mwingine anafungua kwa kadi yake na kumpokea. Nani kwetu atamfungia mwenzake mlango usoni? Kwa adabu yetu wenyewe tumejifuta kwenye hesabu.

Nilipomweleza, Kigen alishusha pumzi. "Kumbe kosa ni lenu."

"Letu? Mmepanga kutuzimia, na hakuna hata mmoja wenu aliyetembea hatua mia mbili kuja kutazama. Kesho jioni, Bwana Kigen, uje usimame pale. Uhesabu kwa kidole."

Alikuja. Mimi nilisimama mlangoni nikiufunga kila mtu akipita, ili anayefuata atumie kadi yake. Vénant, naye wa darasa letu, aliuliza tangu lini nimekuwa askari wa uwanja wa ndege. Mado alikuja na mtoto mkononi na begi begani. Naye nilimfungia, nikamsubiri atafute kadi huku akininunia kupitia kioo. Iliniuma. Sikufungua.

Kigen alihesabu thelathini na wanne; wawili hawakuja, walikuwa wagonjwa. Kisha akaingia chumba cha watoto, akapita kati ya mikeka. Alipotoka alisema Ijumaa atapeleka hesabu kwenye kamati ya nishati, na atapendekeza waanze kuzima ukumbi.

"Twende wote," nikasema.

"Kikao ni saa za kazi, dada."

"Najua. Hotelini ninakofanya kazi nitaomba ruhusa. Na Ella nakuja naye, wamwone wanayemzimia."