Mkunga wa Jumatatu

Picha ilikuwa nzuri kupita kiasi, na labda hilo ndilo lililomponza Jepkemboi. Mkunga mwenye sare nyeupe na mikono mipana alikuwa amembeba mtoto wa saa chache, akicheka kana kwamba mpiga picha alikuwa amemtania. Chini yake Jepkemboi alikuwa ameandika: Sister Lydia, Kapseret. Basi. Kabla ya chai ya saa nne watu walikuwa wamekwisha kuanza kuuliza, Lydia nani?

Ukurasa huo wa Facebook alikuwa ameulea kama mtoto. Yeye ndiye aliyewashawishi wakunga wa Eldoret na viunga vyake waungane, waonekane, ili akina mama waliozoea kujifungulia nyumbani wawajue kwa sura na waache kuwaogopa. Kila Jumatatu alimtambulisha mkunga mmoja: picha, majina matatu kama yalivyo kwenye beji, na zahanati yake. Ilifanya kazi. Akina mama walianza kufika wakiulizia watu kwa majina. Selpha Nekesa Wanyonyi, mwenyekiti wao, alipata wageni hadi akalalamika kwamba umaarufu unachosha, na kulalamika kwenyewe kulikuwa kwa madaha.

Jumatatu hii ilikuwa zamu ya Lydia Mwihaki Nderitu. Na uchaguzi ulikuwa mwezi ujao.

Hapa Eldoret, jina la pili la mtu ndilo linalotangaza kabila lake. Uchaguzi uliopita ulipochafuka, watu walisimamishwa barabarani wakaamriwa watoe vitambulisho, na waliovishika hawakuwa wakitazama picha bali wakitafuta majina kama ya Mwihaki. Jepkemboi alikuwa bado mwanafunzi wa uuguzi. Hakuguswa, lakini aliuona moshi, na tangu hapo hofu ile haikumtoka. Ndiyo maana aliyafuta majina mawili ya Mwihaki, akijiambia anamlinda mwenzake. Hakukumbuka kwamba wakunga wote waliotangulia walikuwa na majina matatu, na kwamba katika mji huu aliyekatwa majina hujulikana upesi kuliko aliyeyaandika yote.

"Huyu amefichwa kwa nini?" aliandika mmoja. "Wenye macho tumeshaona," akajibu mwingine. Wa tatu alilitaja kabila waziwazi, akaongeza alama ya kuuliza. Jepkemboi akayafuta maneno hayo. Yakaja mengine. Akafuta tena, akaenda kumpima mgonjwa presha, akairudia simu na kumwacha mgonjwa na mkanda mkononi. Kufikia adhuhuri alikuwa hakaliki. Akaomba ruhusa, akapanda boda boda hadi Kapseret.

Mwihaki alikuwa nyuma ya zahanati, akianua shuka.

"Nimeona," alisema kabla ya salamu.

"Sister, nilitaka kukulinda. Wacha niitoe sasa hivi."

"Ukiitoa watasema nini?"

Jepkemboi akaitoa simu mfukoni, kisha akairudisha.

"Wakati ule wa vurugu, tukiwa kwenye kambi ya wakimbizi pale showground, nyumba yangu imeshachomwa, nilikuwa nazalisha akina mama ndani ya hema. Kulipotulia nikarudi hapa hapa. Bwana yangu alikataa, nikarudi. Siku ya kwanza niliwaambia wamama wa hapa, mimi ni Mwihaki, mnanijua, na hii ndiyo kazi yangu. Wengine walienda zao. Wakarudi polepole. Sasa wewe umenifanya nionekane kama mtu anayewaficha kitu."

"Lakini watu wamechemka, Sister. Na wakikuja?"

"Wanajua penye nalala. Maziwa wananunua kwangu." Akakunja shuka, pembe kwa pembe. "Niambie ukweli. Uliniogopea mimi, ama uliogopea hiyo page yako?"

Jepkemboi aliitazama simu mkononi mwake. Aliwawazia wale maelfu wanaoufuata ukurasa, na jinsi asubuhi alivyojiuliza wangapi wangeondoka.

"Yote mawili," alisema.

"Haya. Angalau hujanidanganya. Andika yote matatu."

Ndani, mama mmoja aliita kwa uchungu, na Mwihaki akaziacha shuka juu ya ukuta, akakimbilia kwake. Jepkemboi akabaki na simu. Aliandika Lydia. Akaandika Mwihaki. Kwenye jina la tatu kidole kilisita, kwa sababu alijua kwamba mambo yakiharibika si yeye atakayelipia. Kumwonea mtu huruma kulikuwa rahisi, na alikuwa amekufanya tangu asubuhi. Kumwachia mtu mzima aamue juu ya hatari yake mwenyewe ndiko kulikomtoa jasho. Aliandika Nderitu, akabonyeza, akatamani papo hapo kulirudisha.

"Jepkemboi! Kuja unishikie huyu mama!"

Aliiweka simu dirishani, akanawa mikono, akasimama kichwani mwa kitanda. Mama yule, mwenyeji wa hapa kwa lafudhi yake, si wa kabila la Mwihaki, alimkamata mkono akaubana hadi vidole vikafa ganzi. Simu ikatetemeka juu ya saruji. Ikanyamaza. Ikatetemeka tena, mara hii bila kupumzika, ikisogea kidogokidogo kuelekea ukingoni.

Mwihaki hakuinua kichwa, lakini mabega yake yalikuwa yamekakamaa.

"Usiangalie," alisema. "Usiangalie bado. Sukuma, mama. Sukuma sasa."