Kiini cha Lulu ya Ngavaine

Mzee Kora wa kisiwa cha Manihiki alizaa mabinti wawili, na kila mmoja alimvisha lulu nyeusi siku ya harusi yake. Ya Akaiti, binti mkubwa, ilikuwa ndogo kama mbegu ya papai, rangi ya majivu. Ya Ngavaine nene, kijani inayowaka, ina kibyongo ubavuni. Tangu hapo Akaiti hakukaa benchi moja na mdogo wake kanisani.

Tulipomzika mzee, wivu ukakosa wa kumwogopa.

"Ile yake imefugwa kwenye shamba la chaza kama nguruwe," Akaiti akawa anatangaza. "Yangu baba aliizamia."

"Mbona basi hulali, dada?" Ngavaine akamjibu.

Wakazisugua kwenye meno. Zote zikakwaruza kama mchanga laini. Basi si kioo wala plastiki, lakini ya bahari na ya kupandikizwa, ile ambayo mtu humtilia chaza kiini, hukwaruza sawasawa. Tofauti imo tumboni mwa lulu, na kupasua hakuna aliyekubali. Alipofika Tepaki, daktari wa meno, na kimashine chake cha eksirei, wakamwendea. Wakanichukua na mimi, niliyezamia lulu na baba yao na si ndugu wa yeyote.

"Nani anang'olewa?" Tepaki akauliza.

"Huyu," Akaiti akamwonyesha mdogo wake. "Mng'oe maringo."

Picha zikatoka. "Hii ndogo," akasema Tepaki, "ni tabaka juu ya tabaka mpaka katikati, kama kitunguu. Ya asili. Hii kubwa, ona mstari huu mweusi: ndani kuna kiini. Imepandikizwa."

"Si nilisema! Miaka yote umetembea shingo juu kama jogoo, kumbe umevaa uongo!"

Ngavaine machozi yakamlengalenga. Mimi nikaisogelea picha. Viini vya kupandikiza twavijua sote: huja kwa pakiti, mviringo kama gololi, vyote mapacha. Hiki kilikuwa na pembepembe, kimevimba upande mmoja.

"Hiki hakikununuliwa," nikasema. "Hiki kimechongwa kwa tupa. Mnakumbuka Ngavaine alipochumbiwa, mzee akishinda kibarazani anasugua gamba la chaza, nasi tunamcheka? Kisha akaahirisha harusi miaka miwili, asiseme kwa nini. Alikuwa anangoja chaza wake akivike kiini hicho lulu."

Akaiti akaigusa yake shingoni. Halafu, polepole: "Na yangu?"

Ningeweza kudanganya. "Yako tuliikuta. Tulikuwa tunafungua chaza wa kitoweo."

Akaifungua lulu yake shingoni. "Tubadilishane."

"Dada, yako ndiyo ya asili."

"Nimesema tubadilishane! Wewe ulipata mikono yake, mimi nikapata makombo ya chakula chake!"

Ngavaine akaitia ile ndogo kiganjani mwa dada yake, akamfumba vidole kimoja kimoja. "Hapana."

Akaiti akamgeukia Tepaki, akamwomba picha. Tepaki akampa ya lulu yake.

"Si hii," akasema. "Ile nyingine."

Akaondoka nayo, ameikumbatia kifuani.