Mahdi Hakuitika

Hadiya alikwisha kata tamaa, ila hakuwa na moyo wa kumwacha babake aingie msituni peke yake na goti lile bovu. Basi baada ya sala ya alfajiri walitoka Malindi, na jua lilipochomoza walikuwa Jilore, ukingoni mwa msitu wa Arabuko, wakimfuata Fondo, Mgiriama aliyezijua njia za humo.

Walikuwa wakimtafuta Mahdi, kakake Hadiya, aliyepatwa na maradhi ya akili. Asubuhi moja alitoka nyumbani miguu mitupu, na wanawake wachanja kuni wakamwona akiingia msituni. Hakuonekana tena. Watu wa mtaani walimtafuta, kisha mmoja mmoja wakarudi kwenye shughuli zao.

Tangu hapo mvua ilikuwa haijakatika. Kila kitu kilikuwa kimechipua, na njia imemezwa na majani mabichi. Fondo alitangulia na panga. Miiba ikalichana buibui la Hadiya, tope jekundu likamganda miguuni.

"Mahdi!" Mzee Abdulhadi aliita. "Mwanangu, ni mimi babako!"

Akasimama kusikiliza. Hata ndege hakulia. Akaendelea kwenda, akichechemea.

Adhuhuri waliona majani yamelaliwa chini ya mti. Mzee alipiga magoti, akayapapasa kwa viganja vyote viwili.

"Alilala hapa! Hadiya, njoo uone!"

Fondo aliinama akatazama. "Ni paa huyo, Baba," akasema taratibu. "Mavi yake yale pale."

Mzee alishindwa kuinuka mpaka walipomshika mkono huku na huku.

Walizunguka hadi alasiri, na goti likawa limevimba. Fondo akasema lazima wageuze, maana ndovu watashuka majini. Mzee akaketi juu ya mzizi.

"Turudi, Baba," Hadiya akamsihi. "Hayupo."

"Nalijua hilo tangu juzi."

"Mbona basi twaja?"

"Nikae nyumbani nifanye nini? Mamako haniondolei macho." Alijipangusa uso kwa kofia. "Nimemwendea shekhe, nikamuuliza kama twaweza kumsalia. Kasema hapana, hatuna yakini kuwa amekufa. Basi hai hatuna, na maiti hatuna."

Hadiya akampa bega, wakaondoka.

Walifika barabarani magharibi ikiingia. Simu ya Hadiya ikalia; alikuwa mamake. Hakuuliza kama wamempata.

"Kesho mwaanzia upande gani?" aliuliza.

Hadiya akamtazama babake. Mzee alikuwa amevua viatu, anakamua maji kwenye soksi, wala hakuinua kichwa.

"Hatujapanga bado, Mama," akajibu.