Mkono wa Kulia wa Kwandu

Nyanjige hakuwahi kuona kitu kigeni akanyamaza. Ndani ya basi la kutoka Mwanhuzi alimuuliza kondakta kwa nini kioo cha mbele kina ufa, nani aliupasua, na je, ufa wenyewe unaendelea kukua? Alipofika Bariadi kwa mkwewe Flora, hata chupa ya samli hajaiweka chini, alimvuta mjukuu wake dirishani penye mwanga akaanza kumkagua ngozi.

Kwandu alikuwa na miaka mitano, na pumu ya ngozi. Ndani ya viwiko, nyuma ya magoti na shingoni ngozi yake ilikuwa kavu, imekakamaa, ina alama za kucha.

"Inawasha zaidi saa ngapi?" Nyanjige aliuliza. "Ukila nini? Ukikaa kivulini je?"

Kwandu alikuwa amezoea watu wanaomtazama kisha wanasogea pembeni. Kuulizwa kulimfurahisha, akajibu maswali yote, mengine kwa majibu ya kubuni.

Siku ya kufunga shule, darasa lake la awali lingepelekwa kuogelea kwenye hoteli moja nje kidogo ya mji. Mwaka uliopita wenzake walikwenda, yeye akabaki nyumbani na katuni. Safari hii daktari alimwambia Flora kwamba hakuna ubaya, mradi masharti yafuatwe. Flora hakushawishika sana. Akaamua mtoto ajaribiwe kwanza Jumamosi moja. Akirudi salama, ataruhusiwa kwenda na wenzake. Akirudi amewiva kwa vipele, habari ya kuogelea imeisha. Na kwa kuwa Jumamosi Flora hukatisha tiketi za mabasi stendi, na mumewe Constantine alikuwa safarini, wa kumpeleka alikuwa bibi.

"Mayu, nisikilize vizuri," Flora alimwambia mama mkwe wake asubuhi hiyo, akimpaka mtoto mafuta mazito kuanzia shingoni hadi vidoleni. "Asikae sana majini. Akitoka tu, msuuze mwili mzima kwa maji safi. Mkaushe taratibu bila kumsugua, halafu umpake tena haya."

"Nimesikia," alisema Nyanjige, na kweli alikuwa amesikia.

Bwawani walipokelewa na kijana anayelisimamia, jina lake Josia.

"Mwangaluka, mayu."

Nyanjige aliitikia salamu hiyo ya Kisukuma huku pua yake iko kazini. "Haya maji mbona yananuka dawa?"

"Yametiwa dawa. Inaua vijidudu."

"Vyote?"

"Vyote, mayu."

Alichovya kidole, akaonja, akatema. Akauliza dawa inatiwa mara ngapi, inapimwa na nini, na kwa nini maji yana rangi ya mbingu wakati bombani hayana rangi. Kisha akanyamaza ghafla. Josia akadhani bibi ameridhika. Masikini, hakujua kwamba kichwani mwa bibi yule, ng'ombe walikuwa wameshaanza kuteremka kwenye josho.

Nyanjige amekulia kwenye ng'ombe. Utotoni, siku ya kuogesha, baba yake aliwaswaga hadi joshoni, wakatumbukia mmoja mmoja kwenye mfereji wa maji yenye dawa, wakaogelea hadi upande wa pili, wakasimama wakichuruzika. Sharti lilikuwa moja tu: siku hiyo ng'ombe asipelekwe mtoni, dawa ikaukie mwilini. Nyanjige aliwahi kuwapeleka, akachapwa, na lile somo halikumtoka. Sasa alilitazama bwawa, akamtazama mjukuu wake, akamshangaa daktari. Mtoto ana ugonjwa wa ngozi, anaingizwa kwenye maji ya dawa, halafu asuuzwe? Si ni kuimwaga dawa?

Kwandu alikuwa na maswali yake. Aliingiza dole gumba la mguu, akasubiri lichome. Halikuchoma. Akaingiza mguu mzima, kisha wa pili. Josia alimshika tumboni, akamwambia apige miguu, na Kwandu akapiga hadi kijana wa watu akalowa kichwa. Alicheka kicheko ambacho bibi yake hajawahi kukisikia, cha mtoto aliyesahau kwamba ana ngozi.

Alipotoka, Josia alionyesha bomba la mvua lililo pembeni. "Anasuuzwa pale."

"Akauke kwanza," alisema Nyanjige, akamkalisha juani.

Alimpa embe bichi lililopakwa chumvi na pilipili. Maji ya embe yakateremka kwenye mkono wa kulia mpaka kiwikoni. Pilipili hiyo ikigusa mikwaruzo itakuwa balaa, kwa hiyo Nyanjige akamwosha mkono huo bombani, kuanzia vidole hadi juu ya kiwiko, akaukausha kwa ncha ya khanga. Kwa kuwa dawa ya hapo ilikuwa imeshapotea, aliona hakuna hasara, akaupaka mafuta. Kwingine kote aliacha kama kulivyo.

Kwenye bajaji ya kurudi Kwandu alianza kujikuna. Saa kumi Flora aliporudi kutoka stendi, shingo ya mtoto ilikuwa nyekundu, nyuma ya magoti pamevimba, na kiwiko cha kushoto kimechanika kinatoa majimaji.

Flora alimvua gauni, akaangalia, akaketi. "Nilijua," alisema. "Maji hayamfai. Basi, yameisha."

Kwandu hakulia. Alilichukua gauni lake akalivaa tena mwenyewe, akafunga vifungo vyote hadi cha shingoni, katika joto lile. Nyanjige aliona vile vidole vidogo vikihangaika na kifungo, na aibu ikampanda hadi masikioni.

Kwa sababu yeye alikuwa ameshakwisha kuchunguza. Tangu saa nane alikuwa akiushika mkono huu, akiushika ule, akiipeleka dirishani yote miwili kwa zamu. Wa kushoto ulikuwa wa moto. Wa kulia ulikuwa baridi na laini, kana kwamba haikwenda bwawani pamoja. Jibu alikuwa nalo, na angeweza kukaa nalo kimya. Flora angeyalaumu maji, na yeye angebaki bibi mwema anayeaminiwa.

"Flora, si maji," alisema. "Ni mimi. Sikumsuuza."

Akamweleza yote, josho, fimbo ya baba yake na embe. Akamfungua mtoto vifungo vya mikononi, akaiweka mikono yote miwili mbele ya mama yake. "Huu niliuosha, nikaupaka. Huu sikuugusa. Mwili ni mmoja, maji ni yale yale. Shika mwenyewe."

Flora alishika. Kidole gumba chake kilipita ndani ya kiwiko cha kulia, kikarudi, kikapita tena.

"Mayu, mwanangu ulimfanya ng'ombe?"

"Nilimfanya ng'ombe."

"Nilikwambia, ukasema umesikia."

"Nilisikia. Nikajiona najua zaidi."

Flora aliinuka akaenda kuweka maji ya kumwogesha mtoto. Kutoka huko alisema, bila kugeuka, "Ngozi ikitulia nitaomba ruhusa kazini, nimpeleke mwenyewe. Wewe utabaki." Maneno hayo yalimchoma Nyanjige.

Ngozi ilitulia baada ya majuma mawili. Jumamosi hiyo Nyanjige alibaki nyumbani akichambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa. Kila bajaji iliyopita nje alitega sikio.

Waliporudi, Kwandu aliingia mbio, nywele zimelowa, mwili unang'aa kwa mafuta. Aliinyoosha mikono yote miwili mbele ya bibi yake.

"Bibi, mkono wa embe ni upi?"

Nyanjige aliipeleka dirishani penye mwanga. Aliupapasa wa kwanza, akaupapasa wa pili, akavikunja viwiko akavikunjua. Akainusa. Vyote vilikuwa baridi, vyote laini. Ijumaa ya kufunga shule ilikuwa imebakiza siku sita.

"Siujui," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye basi, hakuwa na swali.